Mwanafunzi Ugenini: Msafiri au Mkaazi? Somo Nililolipata Unguja Ukuu

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Maswahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad:



Likizo iliyopita nilipokuwa nyumbani Muyinga, ndugu mmoja anayesoma Gitega alinivuta pembeni baada ya swala ya Isha. Alikuwa ameswali rakaa nne nyuma ya imamu kama sisi sote, lakini kuna jambo lilimsumbua moyoni. Akaniuliza: "Kaka, huu ni mwaka wangu wa pili Gitega. Chumbani kwangu naswali Adhuhuri rakaa mbili na Alasiri rakaa mbili, tena nazikusanya, kwa sababu mimi kwetu ni Muyinga. Na Ijumaa, nikiwa na kazi nyingi, siendi, kwa kuwa msafiri hana Ijumaa. Je, niko sawa?"

Sikumcheka, wala sikumjibu haraka haraka. Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu swali lake nilikuwa nimeshaulizwa mimi mwenyewe, mbali sana na Muyinga, na aliyeniuliza alikuwa bibi kizee aliyekuwa anasuka ukili barazani. Makala haya ni jibu langu kwa ndugu yule, na kwa kila mwanafunzi wa Kiislamu aliyepanga chumba mbali na kwao.

Nilipofikia

Niliondoka Muyinga kwa njia ya Kobero, nikavuka Tanzania kwa basi mpaka Dar es Salaam, kisha boti mpaka Unguja. Vyuo vikuu viwili viko Tunguu, nje ya mji: Chuo Kikuu cha Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Vyumba vya karibu na chuo bei yake haikuwa ya mfuko wangu. Mwenzetu mmoja akanipeleka kusini zaidi, mwendo mfupi wa daladala, kwenye kijiji cha Unguja Ukuu. Huko nikapata chumba cha uani katika nyumba ya bibi mjane.

Mtu akifika Unguja Ukuu leo anaona kijiji cha wavuvi na wakulima: minazi, mikoko, ngalawa na mitumbwi iliyopandishwa mchangani, na njia ya mawe inayokatiza mikokoni kwenda kisiwa cha Uzi, ambayo kwa miaka mingi watu wameivuka kwa kungoja maji ya bahari yatoke. Hadhanii kwamba amesimama juu ya mojawapo ya bandari kongwe kabisa za pwani yetu. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba hapo, miongoni mwao Mzanzibari Abdurahman Juma, ambaye kitabu chake juu ya kijiji hiki kilitolewa Uppsala, Sweden, mwaka 2004. Wamekuta kwamba watu waliishi na kufanya biashara hapo tangu kiasi cha karne ya 6 au ya 7. Wamekuta vigae vya vyombo kutoka Ghuba ya Uajemi na China, na shanga za kioo kutoka upande wa Bara Hindi. Katika karne ya 19 ilipatikana hapo hata dinari ya dhahabu ya zama za Bani Abbas. Baada ya karne nne au tano biashara kubwa ikahamia kwingine. Watu walibaki, na baharini wakaendelea kwenda.

Kuna jambo moja la bandari za kale ambalo sisi watu wa milimani tunahitaji kulielewa, maana ndilo mlango wa somo letu. Vyombo vya tanga vilikuwa vinafuata upepo. Kaskazi, inayovuma kuanzia kiasi cha Disemba mpaka Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi, inayoanza kiasi cha Aprili, iliyarudisha. Mfanyabiashara akishafika hakuweza kurudi siku anayotaka. Alikaa wiki na miezi akingoja upepo ugeuke. Bandari ilikuwa imejaa watu ambao si wenyeji na wala hawako njiani. Je, hao waliswali rakaa ngapi? Hilo halikuwa swali la kitabuni tu. Lilikuwa swali la kila msimu, na ndilo swali la ndugu yangu wa Gitega.

Kosa langu

Nilifika mwezi wa kumi. Kwenye simu nilikuwa nimesoma mahali kwamba mwanafunzi aliye mbali na kwao ni msafiri mpaka atakapomaliza masomo. Sikuangalia nani kasema, kwa dalili gani, wala kwa masharti gani. Nililipenda jibu kwa sababu lilikuwa jepesi. Nikawa nikirudi chuoni naswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, kisha nalala. Adhana ya Alasiri ikinadiwa msikitini, hatua chache kutoka chumbani kwangu, inanikuta nakoroma. Ijumaa mbili nilibaki chumbani kwa sababu ya kazi za darasani, na roho yangu ilikuwa shwari kabisa.

Siku moja nilipotoka kuteka maji, Bibi alikuwa barazani anasuka ukili. Nikamwamkia, "Shikamoo Bibi." Akaitikia, "Marahaba," kisha bila kuinua macho akasema:

"Mjukuu wangu, kwani wewe bado hujafika?"

"Nimefika Bibi, tangu mwezi wa kumi."

"Basi mbona swala yako bado imo njiani?"

Nilijaribu kumweleza habari ya ruhusa ya msafiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye si mwanachuoni, niende nikamuulize maalim. Kisha akaongeza: "Lakini msafiri namjua. Msafiri hanidai mimi nimtengenezee kitasa cha mlango."

Ni kweli, asubuhi ile nilikuwa nimemlalamikia kuhusu kitasa.

Alichonifundisha maalim

Usiku ule baada ya Magharibi nilimfuata maalim wa msikiti. Hakunigombeza. Alinipangia mas-ala haya kwa utulivu, na mimi nayapanga hapa kama nilivyoyaelewa, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Kwanza, ruhusa yenyewe. Kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili ni ruhusa iliyothibiti katika Qur'ani, Surat an-Nisaa aya ya 101, na katika mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Ni sadaka kutoka kwa Allah kwa waja Wake, na hakuna anayepaswa kuidharau. Lakini ruhusa hii imefungamana na safari. Safari ikiisha, nayo inaisha.

Pili, safari inaisha lini? Hapa wanavyuoni wametofautiana, na ni vyema mwanafunzi aijue tofauti hiyo na sababu zake.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo iliyoenea pwani yetu na ndiyo wengi wetu tuliyolelewa nayo Burundi, mtu akifika mahali akiwa amenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imeisha tangu anapofika. Anakuwa muqim, yaani mkaazi, na anakamilisha swala. Miongoni mwa dalili zao ni kwamba Mtume (s.a.w.) katika Hija yake aliingia Makka tarehe 4 Dhulhija na kutoka kwenda Mina tarehe 8, naye akawa anapunguza. Ukiondoa siku ya kuingia na ya kutoka zinabaki tatu. Pia, katika hadithi iliyopokewa na al-Alaa bin al-Hadhrami (r.a.), Muhajirina waliruhusiwa kukaa Makka siku tatu baada ya kumaliza ibada zao. Wanavyuoni wakafahamu kwamba siku tatu bado ni ugeni, na nne ni ukaazi.

Imamu Malik yuko karibu na kauli hiyo ya siku nne. Kwa Mahanbali, anayenuia kukaa zaidi ya siku nne anakamilisha. Imamu Abu Hanifa ameweka siku 15. Wako pia wanavyuoni, mashuhuri wao Ibn Taymiyya, na baadhi ya wanavyuoni wa zama zetu waliomfuata, wanaosema kwamba hakuna idadi ya siku iliyowekwa: mtu ni msafiri maadamu kwa desturi ya watu anahesabika kuwa msafiri. Wanataja kwamba Mtume (s.a.w.) alikaa Tabuk siku 20 akipunguza, na kwamba Ibn Umar (r.a.) alizuiwa na theluji Azerbaijan miezi sita akawa anapunguza. Wale wa rai ya kwanza wanajibu kuwa hao hawakunuia kukaa muda maalumu. Walikuwa wanangojea kuondoka siku yoyote.

Tatu, na hili ndilo linalomhusu mfanyabiashara wa bandarini: anayengojea. Mtu aliyekwama mahali, kila siku akitarajia haja yake itimie aondoke, kwa Mashafii anapunguza mpaka siku 18. Lakini akijua kwa yakini kwamba haja yake haitatimia ila baada ya siku nne au zaidi, basi huyo hangojei, huyo amekaa. Nahodha aliyetia nanga akijua kwamba upepo wa kumrudisha uko miezi miwili mbele ni muqim. Na mwanafunzi aliyelipa kodi ya miezi sita, mwenye ratiba ya masomo ya miaka mitatu mkononi, anangojea nini?

Nilimuuliza maalim: "Na ile rai ya pili?" Akasema rai ile ipo na wenye nayo ni wanavyuoni, hatuwatukani. Aliyesoma dalili zao, au aliyemfuata mwanachuoni anayemwamini kwa elimu na ucha Mungu, ana njia yake. Tena wengi wa wenye rai hiyo hawamruhusu mtu aisikie adhana akalala. Wanamtaka aende jamaa, na akiswali nyuma ya mkaazi akamilishe. Kisha akaniuliza: "Wewe ulimfuata nani?" Sikuwa na jibu. Sikumfuata Ibn Taymiyya wala Shafii. Nilifuata usingizi.

Nilikadiria swala nilizozipunguza baada ya kufika, nikaondoa zile nilizoziswali nyuma ya imamu, nikaona kiasi cha 120. Nilizilipa tatu kila siku kwa siku 40. Siandiki haya kujisifu. Nayaandika ili mwenzangu asifike mwaka wa tatu ndipo aanze kuhesabu.

Hesabu ya watu arobaini

Nilidhani somo limekwisha. Lakini lilikuwa na nusu ya pili, nayo iliniuma zaidi kuliko ya kwanza.

Ijumaa moja wavuvi wengi wa kijiji walikuwa dago, yaani wamehamia kwa muda kambi ya mbali kufuata samaki. Tuliokuwa msikitini tulikuwa wengi, kwa sababu wanafunzi tuliopanga kijijini tulijaza safu nzima na zaidi. Wakati wa khutba ukafika, maalim hakupanda mimbari. Alikuwa anahesabu watu. Akamtuma kijana akimbie pwani. Baada ya muda wakaja wazee wawili, miguu ina mchanga, wakatawadha, wakaingia, ndipo khutba ikaanza.

Tulipotoka, mmoja wetu alikasirika. "Sisi hatukuhesabiwa? Kwani sisi si watu?"

Jibu liko katika fiqhi ya Kishafii, na tulilisoma darasani bila kulielewa. Kwa habari ya Ijumaa, watu wako namna tatu. Wa kwanza ni msafiri: Ijumaa si wajibu kwake. Wa pili ni muqim: amekaa mahali siku za kumtoa katika safari, lakini ana nia ya kurudi kwao. Huyu Ijumaa ni wajibu kwake, na akiiswali inasihi. Wa tatu ni mustawtin: amepafanya mahali kuwa kwao, haondoki kiangazi wala masika isipokuwa kwa haja, na akiondoka anarudi. Ijumaa ni wajibu kwake kama muqim, lakini yeye anazidi kwa jambo moja: wale watu 40 ambao kwa Mashafii swala ya Ijumaa haisimami bila ya wao kuhudhuria, ni lazima wawe mustawtin. Muqim yumo ndani ya wajibu, lakini hayumo ndani ya idadi.

(Hii ni kauli ya Mashafii. Kwa Mamaliki watu 12 wanatosha, na kwa Abu Hanifa watu watatu pamoja na imamu. Kwa hiyo asije mtu akabatilisha Ijumaa ya wengine.)

Maalim alituambia kwa lugha rahisi: "Walioko dago hawapo hapa, lakini ni wa hapa. Nyinyi mpo hapa, lakini si wa hapa. Siku chuo kikifungwa mtaondoka nyote kwa siku moja. Mswalie nani basi Ijumaa ya wiki inayofuata?"

Ndugu msomaji, nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Tangu nilipofika nilikuwa nimekosea pande zote mbili. Pale palipokuwa na taklifu, nilijifanya msafiri: swala nusu, Ijumaa ninapotaka, na mazishi ya jirani hayanihusu. Pale palipokuwa na heshima, nilijifanya mwenyeji: sisi wanafunzi tulitaka kubadilisha saa za darsa, tulimkosoa maalim matamshi yake, na tuliwaona wazee wa maulidi kuwa hawajui kitu, na sisi tumekaa pale miezi minane. Hukumu ya muqim ni kinyume kabisa cha tabia yetu. Inampa mtu mzigo wote wa mkaazi, na inamnyima ile nafasi ya kudhani kwamba mahali panasimama kwa ajili yake.

Hili si la Unguja Ukuu peke yake. Popote chuo kinapoota karibu na mtaa wa kale wa Waislamu, mambo mawili hutokea. Mtaa unapata wapangaji, na msikiti unapata safu. Kodi zinapanda, vijana wa mtaa wanahama kutafuta vyumba rahisi, na baada ya miaka safu zimejaa wageni na wenyeji wamebaki wachache. Msikiti unaonekana hai kuliko zamani. Lakini hesabu ya maalim inasema jambo jingine.

Haki za mahali ulipopanga

Aya ya 36 ya Surat an-Nisaa, baada ya kuamrisha tumwabudu Allah na tuwafanyie wema wazazi, inataja jamaa, mayatima, maskini, jirani aliye karibu, jirani asiye na nasaba nasi, mwenza aliye ubavuni, na msafiri. Tazama jinsi mwanafunzi anavyoweza kuwa katika aya hiyo moja kwa pande mbili: leo ni msafiri anayestahili wema, na kesho ni jirani mgeni anayedaiwa wema. Kutokana na hayo, na kutokana na niliyoyaona, nawausia ndugu zangu mambo matano.

1. Amua siku ya kwanza. Unapoweka begi lako chini, jiulize: nimenuia kukaa siku ngapi? Ukishajua, shika hukumu yako usiibadilishe kwa uvivu.

2. Nenda jamaa kwenye msikiti wa mtaa, si ule wa chuo peke yake. Jirani yako hakujui kwa kadi yako ya mwanafunzi. Anakujua kwa safu ya Alfajiri.

3. Timiza haki za jirani. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa Jibril (a.s.) alimuusia sana kuhusu jirani hata akadhani atafanywa mrithi. Na alimfundisha Abu Dharr (r.a.) azidishe maji katika mchuzi ili majirani wapate. Mwanafunzi hana mchuzi mwingi, lakini ana mikono. Beba jeneza. Chota maji kwenye msiba. Msomee mzee barua yake ya hospitali. Lipa kodi kabla hujadaiwa.

4. Sikiliza kabla ya kurekebisha. Ukiona jambo unalodhani si sahihi, muulize maalim faragha, kwa adabu. Huenda ana dalili usiyoijua. Huenda pia umesema kweli. Lakini kweli inayosemwa na mtu asiyeamkia wazee haina pa kuingilia.

5. Tunza cha watu. Unguja Ukuu mvua ikinyesha vigae na shanga hutokeza juu ya ardhi. Kuokota "ukumbusho" ni kuchukua amana ya watu. Kila mtaa una shanga zake: jina la mtu, siri ya nyumba, heshima ya binti wa jirani.

Sisi ni matunda ya waliokaa

Kwa nini nawaandikia ninyi wa Gitega na Muyinga habari za kijiji cha pwani? Kwa sababu njia iliyoanzia bandari za pwani ndiyo iliyotufikia sisi. Misafara ilitoka pwani ikapita Tabora, ikafika Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, na kutoka huko Uislamu na Kiswahili vikaja Rumonge, Usumbura, kisha milimani.

Tukumbuke pia jinsi haikuwa. Katika miaka ya 1880 na kuendelea, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, akiwa na nguvu zake Ujiji, alijaribu kuingia Burundi kwa silaha. Majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia. Dini haikuingia kwetu kwa mlango ule. Ilishika mizizi baadaye, kwa wafanyabiashara, mafundi, askari na makarani Waswahili walioweka makazi katika miji iliyokuwa inaanza. Gitega yenyewe Wajerumani waliifanya makao yao ya utawala mwaka 1912. Mpaka leo kwetu Mwislamu huitwa Umuswahili, hata kama babu na bibi yake wote ni wa milimani.

Mtu anayepita njiani huacha bidhaa. Aliyekaa ndiye anayejenga msikiti, anayeoa, anayesomesha watoto wa jirani juzuu, anayezikwa hapo. Wazee wale walifika Gitega na Muyinga wakiwa wasafiri. Iko siku kila mmoja wao alikamilisha rakaa nne na kukubali kwamba amefika. Kama wangebaki na rakaa mbili za njiani mpaka mwisho, sijui leo tungeswalia wapi.

Basi ndugu yangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Kutoka Muyinga kwenda Gitega kwa barabara umbali umetimiza masafa ya safari, ambayo wengi huyakadiria kilomita 80 na kitu. Ukiwa ndani ya gari, baada ya kutoka nje ya mji, wewe ni msafiri: punguza na ukusanye bila wasiwasi. Ukienda Gitega siku mbili tu kujiandikisha, wewe bado ni msafiri. Ukikwama ukingojea karatasi ambayo kila siku unaambiwa njoo kesho, unayo ile ruhusa ya siku 18. Ukirudi Muyinga, hata kwa usiku mmoja, umerudi kwenu, kamilisha. Lakini ukishapanga chumba Gitega kwa muhula mzima, wewe ni muqim. Kamilisha swala yako, nenda Ijumaa, mjue jirani yako. Kuhusu swala zilizopita, usinitegemee mimi mwanafunzi. Kaa na mwanachuoni wa hapo Gitega, umweleze ulimfuata nani na ulijua nini, akuongoze.

Na Bibi? Nilimtengenezea kitasa mwenyewe. Siku nilipomaliza kulipa swala zangu nilimwambia, "Bibi, sasa nimefika." Akacheka, akaniambia kuna chai jikoni, na kwamba aliyefika hujimiminia mwenyewe.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Mwanafunzi wa Muyinga amepanga Gitega. Mwishoni mwa wiki anakwenda Bujumbura kwa siku mbili kisha anarudi Gitega. Akiwa Bujumbura anaswali vipi? Na akirudi Gitega?
2. Kuna tofauti gani kati ya anayengojea na aliyekaa? Tajeni mifano mitatu ya maisha ya wanafunzi.
3. Katika msikiti wa mtaa mnaoswalia, wangapi ni mustawtin? Chuo kikifungwa, safu zinabaki ngapi? Ninyi kama jumuiya mnaweza kufanya nini ili vijana wa mtaa wenyewe wazijaze?
4. Kati ya usia ule wa mambo matano, ni lipi mlilolipuuza zaidi muhula huu?

Yaliyo sahihi katika haya ni kwa taufiki ya Allah, na makosa ni yangu na ya shetani. Allah atukubalie swala zetu, za njiani na za nyumbani, na awarehemu wale waliofika kabla yetu wakakaa.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.